Kichocheo kimechoka: jinsi ya kutumia nyutroni kujua kilichokaa juu yake

Kichocheo cha kiwandani kinapoanza kuchoka, karibu kila kipimo cha kawaida kitakuonyesha kwamba kimechoka. Mazao yanashuka, joto la kinu linapandishwa ili kufidia, kisha unafika wakati ambapo halipandishiki tena. Swali gumu ni jingine: kuna nini juu ya uso wa kichocheo ambacho hakikuwapo mwanzoni, na kimejishikiza vipi?

Ukijaribu infraredi, unakutana na unga mweusi unaomeza mwanga wote. Hata ungekuwa mweupe, vibebeo vyenyewe (unga unaoshikilia metali ya kichocheo) vinaziba njia: silika haipitishi infraredi vizuri chini ya takriban 1300 cm⁻¹ (kizio cha nishati ya mitetemo), na alumina nayo hufunga pazia kwenye takriban 1000 cm⁻¹. Chini ya hapo ndiko mitetemo mingi ya masizi, yaani mabaki ya kaboni yanayoganda juu ya kichocheo, iliko. Ukijaribu leza ya Raman, sampuli inaweza kung'aa kiasi cha kufunika ishara, au leza yenyewe ikayaunguza masizi unayotaka kuyaona. Nyutroni haijali rangi. Haina chaji, hupita katikati ya mkebe wa aluminiamu na kibebeo, na inapogongana na kiini cha atomu huacha au huchukua nishati inayolingana na mtetemo wa atomu hiyo. Ule ubaguzi wa infraredi na Raman, ambapo mitetemo fulani haionekani kwa sababu ya umbo la molekuli, hapa haupo. Kila mtetemo unaruhusiwa.

Tena nyutroni ina upendeleo mkubwa. Uwezo wa kiini kuitawanya hupimwa kwa bani, kizio kidogo mno cha eneo. Haidrojeni ina bani 82 hivi. Kaboni ina 5.6, oksijeni 4.2, silikoni 2.2, aluminiamu 1.5. Hata nikeli, ambayo namba yake ni kubwa kati ya metali, haifiki 19.

Fanya hesabu ndogo uone maana yake. Chukua gramu 10 za kichocheo kilichobebwa na alumina, chenye masizi asilimia 5 kwa uzito, na ndani ya masizi hayo haidrojeni moja kwa kila kaboni mbili. Metali tuiache kando kwa sasa. Haidrojeni yote humo ina uzito wa gramu 0.02 tu, lakini hutawanya nyutroni nyingi kidogo kuliko gramu 9.5 za alumina zikiwekwa pamoja. Kaboni ya masizi hayohayo hutawanya takriban moja ya saba ya kiasi cha haidrojeni.

Kwa hiyo shika jambo hili tangu mwanzo: unapima haidrojeni, na karibu hakuna kingine. Kila hatua katika mwongozo huu ni ama kulinda haidrojeni unayoitafuta, ama kuzuia ile usiyoihitaji isiingie.

Kwanza, amua kama kazi hii ni ya nyutroni

Vichocheo hupoteza nguvu kwa njia kadhaa. Masizi huziba vinyweleo na kufunika metali. Sumu kama salfa hushika nafasi za kazi. Chembe za metali huungana kwa joto na kuwa kubwa, hivyo uso wake unapungua. Metali nyingine hubadilika kuwa kiwanja kingine, au hutoroka na gesi, au punje zenyewe husagika.

Nyutroni inafaa sana kwa masizi na kwa mabaki yoyote yenye haidrojeni. Kuungana kwa chembe hakuonekani hapa. Tumia eksirei na hadubini ya elektroni. Salfa peke yake haitaonekana pia, ingawa ipo njia ya kuzunguka: unapima ni kiasi gani cha haidrojeni metali bado inaweza kukamata, kabla na baada ya sumu. Ukitaka kujua kama masizi yanazuia molekuli kusafiri ndani ya vinyweleo, hiyo ni kazi ya mbinu ndugu, mtawanyiko wa nyutroni unaokaribia kutobadili nishati, kwenye vifaa kama IRIS na OSIRIS vya ISIS, kituo cha nyutroni nchini Uingereza. Sitaiingia hapa, maandalizi yake yanafanana, lakini uchambuzi ni mwingine kabisa.

Kama kipimo cha kupasha joto na kupima uzito hakionyeshi masizi yoyote, usiombe nafasi ya nyutroni bado.

Hatua ya kwanza: panga mfululizo, usitegemee sampuli moja

Kosa la kawaida ni kupeleka kichocheo kipya na kilichokufa, basi. Tofauti kati ya hivyo viwili ni jumla ya kila kitu kilichotokea, cha hatari na kisicho na hatari. Mfano mzuri uko kwenye vichocheo vya chuma vya Fischer–Tropsch (mmenyuko unaogeuza monoksidi ya kaboni na haidrojeni kuwa haidrokaboni), vya aina inayotumiwa na kampuni ya Sasol nchini Afrika Kusini. Kundi la David Lennon wa Chuo Kikuu cha Glasgow, pamoja na Stewart Parker wa ISIS, lilipovipima kwa nyutroni lilikuta safu ya haidrokaboni juu ya uso. Sampuli za muda tofauti zilionyesha kwamba safu hiyo hujijenga mapema, kichocheo kinapokuwa bado kinajiweka sawa. Mtu aliyepima ya mwisho tu angeweza kuitangaza kuwa ndiyo muuaji.

Angalau andaa hizi: kibebeo kitupu, kichocheo kilichopunguzwa kwa haidrojeni (yaani kilichoondolewa oksijeni) lakini hakijafanya kazi, kimoja kilichofanya kazi kwa muda mfupi, kimoja cha katikati, utendaji ukiwa unashuka, na kilichochoka kabisa. Kama kiwanda hukihuisha kwa kuchoma masizi, ongeza kilichohuishwa. Mara nyingi hicho ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu kinaonyesha kisichoondoka.

Hatua ya pili: tafuta gramu za kutosha

Hapa ndipo watu wa maabara hushtuka. Kinu kidogo cha utafiti hutumia miligramu mia moja au chini ya hapo. Nyutroni inataka gramu 10 hivi, wakati mwingine 20. Sababu ni kwamba chanzo chenye nguvu zaidi cha nyutroni bado ni dhaifu sana ukikilinganisha na leza.

Rudi kwenye ile sampuli ya gramu 10. Ukiisambaza kwenye mkebe bapa unaolingana na mwale wa nyutroni wa sentimita 4 kwa 4, itatawanya takriban asilimia 12 ya nyutroni zinazoipitia. Lengo la kawaida ni kati ya 10 na 20. Ukizidisha, nyutroni moja hugongana mara mbili tatu kabla ya kutoka na spektra (mchoro wa ishara kwa kila nishati) inatiwa ukungu. Ukipunguza mno, utasubiri.

Sasa linganisha na paladi asilimia 1 kwa uzito, ambapo theluthi moja hivi ya atomu zake ziko juu ya uso. Gramu 10 zina takriban milimoli 0.3 tu za atomu za uso. Hata kila moja ingebeba kundi moja la methili (CH₃), ungekuwa na chini ya milimoli 1 ya haidrojeni, wakati mfano wetu wa masizi ulikuwa na 20. Kazi ya namna hiyo inahitaji kichocheo chenye metali nyingi, au gramu nyingi zaidi, au vyote viwili.

Usikusanye gramu 10 kwa kuchanganya mabaki ya majaribio mengi madogo, isipokuwa huna njia nyingine. Kila kusimamisha na kufungua kinu kunaongeza tofauti. Afadhali kinu kikubwa kimoja, hata kama joto lake si sawasawa kabisa kutoka juu hadi chini. Ukichukua sampuli kutoka kinu cha kiwandani, andika ilitoka kina gani cha kitanda, yaani tabaka la kichocheo ndani ya kinu: masizi ya mlangoni na ya mwishoni yanaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Hatua ya tatu: simamisha kinu kwa uangalifu kuliko ulivyokiwasha

Sehemu hii huharibu vipimo vingi kuliko nyingine yoyote, nami naipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Kichocheo kinapopoa ndani ya gesi za mmenyuko, vitu visivyokuwapo kwenye joto la kazi huanza kutulia juu yake: maji, bidhaa nzito, nta. Ukipitisha gesi bwete (isiyomenyuka) kwenye joto lilelile la kazi, unaondoa vinavyobebeka lakini pia unaweza kuendelea kupika masizi, yakapoteza haidrojeni. Hakuna njia safi kabisa. Ninachopendekeza ni kupitisha argoni au heli kwenye joto la kazi kwa muda mfupi na uleule kwa kila sampuli, kisha upoze humohumo. Kosa linalofanana katika mfululizo mzima linavumilika kuliko kosa linalobadilikabadilika.

Kama una nikeli na monoksidi ya kaboni, hakikisha gesi hiyo imetoka yote kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi. Chini ya hapo viwili hivyo vinaweza kuunda kabonili ya nikeli, gesi yenye sumu kali mno, na mbali na usalama wako, pia unaondoa metali uliyotaka kuipima.

Baada ya kupoa, hewa isiingie. Nikeli iliyopunguzwa inaweza kushika moto yenyewe ikikutana na oksijeni. Wengine huituliza kwa kupitisha oksijeni asilimia 1 ndani ya gesi bwete. Inafanya kazi kwa usafirishaji, lakini inaunguza uso na kuleta haidroksili (OH) mpya, kwa hiyo usiifanye kwenye sampuli ya nyutroni. Fungua kinu ndani ya kabati la glavu lenye argoni.

Unyevu ndio adui mkubwa zaidi. Maji yaliyoganda yana mkanda mpana unaoanza kwa ukuta mkali karibu na 550 cm⁻¹ na kuendelea hadi 1000 hivi, juu kabisa ya eneo ambako masizi ya pete za aromatiki (pete za kaboni kama ya benzini) huonekana. Alumina iliyokaa nje dakika chache hunywa maji ya kutosha kukuharibia. Na ukisha kuyaruhusu, kuyatoa kwa kupasha joto kunaondoa pia sehemu nyepesi ya masizi.

Kwa Fischer–Tropsch kuna tatizo la nta, ambayo ikibaki hufunika kila kitu kwa mitetemo ya minyororo mirefu. Inabidi ioshwe. Kimumunyisho chenyewe kina haidrojeni, hivyo kausha kwa ombwe na upime sampuli moja ya rejea iliyooshwa kwa njia ileile ingawa haikufanya kazi. Kimumunyisho chenye deuteri badala ya haidrojeni husaidia sana, kwani deuteri ina bani 7.6 tu.

Hatua ya nne: funga kwenye mkebe

Mkebe wa kawaida ni wa aluminiamu, bapa, wenye mfuniko unaobanwa kwa skrubu juu ya uzi wa indiamu. Indiamu ni laini na huziba vizuri hata kwenye baridi kali, lakini humeza nyutroni (bani 194), hivyo ukingo wa mkebe hufunikwa kwa kadimiamu ili mwale usiuguse. Zipo pia seli za aloi ya nikeli zenye vali, ambazo unaweza kuzitumia kama kinu, kuzifunga, na kuzipeleka kwenye mwale bila kuhamisha unga. Zina usuli mkubwa kuliko aluminiamu, lakini kwa kichocheo kinachoogopa hewa nazichagua hizo.

Pima uzito wa mkebe mtupu, kisha uliojaa, ndani ya kabati. Uzito huu utauhitaji mwishoni.

Angalia pia metali zako. Kobalti humeza bani 37, klorini 33.5, rodi 145, iridi 425, boroni 767. Kichocheo chenye iridi kidogo kinapimika. Kibebeo chenye boroni nyingi ni kazi bure. Kobalti ina mkasa mwingine: sehemu yake hugeuka kobalti-60, yenye nusu-uhai wa miaka 5.27, na sampuli yako inaweza isirudi nyumbani haraka.

Hatua ya tano: chagua kifaa na uombe nafasi

Vifaa vya kazi hii duniani ni vichache. TOSCA iko ISIS, katika maabara ya Rutherford Appleton, Uingereza. VISION iko Oak Ridge, Tennessee, Marekani. IN1-Lagrange iko Institut Laue-Langevin, Grenoble, Ufaransa. Hivi vyote hutoa spektra nzuri kutoka mitetemo ya chini kabisa hadi takriban 2000 cm⁻¹.

Juu ya hapo kuna kasoro unayopaswa kuijua kabla ya kuandika ombi. Katika TOSCA, kadiri nishati inayoachwa inavyopanda, ndivyo msukumo unaohamishwa unavyopanda nao: kwenye 3000 cm⁻¹ unafikia takriban 13 kwa angstromu. Hapo haidrojeni hurushwa kama mpira na kilele cha C–H kinasambaa. Ili kuona mivutano ya C–H na O–H (vifungo vikirefuka na kufupika), unahitaji vifaa vya aina ya MAPS au MERLIN, pia vya ISIS, ambapo unachagua nishati ya nyutroni zinazoingia na kuzisoma kwenye pembe ndogo. Kwa mivutano hiyo tumia nishati kubwa, karibu na meV 650. Kwa mipindo (vifungo vikipinda), meV 250 hivi. Mili-elektronivolti (meV) moja ni 8.066 cm⁻¹.

Kwa masizi naomba vyote viwili. Kifaa kimoja kinakuambia umbo la masizi. Kingine kinakuruhusu kuhesabu haidrojeni.

Nafasi hutolewa kwa ushindani. Kamati inataka kuona kwamba umeshapima masizi kwa kuyachoma, una gramu zinazotosha, na umefikiria usalama. Weka hesabu yako ya milimoli za haidrojeni kwenye ombi lenyewe. Ombi lisilo na namba hiyo huonekana kama la mtu ambaye hajaamua.

Hatua ya sita: kupima

Sampuli hupozwa chini ya kelvini 20. Lengo ni kutuliza msukosuko wa joto ambao ungefuta vilele. Baada ya hapo kazi kubwa ni kusubiri: kichocheo chenye masizi kiasi kinaweza kuchukua saa kadhaa, na uso wenye mabaki machache usiku mzima. Panga mpangilio wa sampuli hivi: kibebeo tupu na kichocheo ambacho hakijafanya kazi kwanza, kisha kilichochoka kabisa. Ukiona ishara kwenye kilichochoka, gawa saa zilizobaki kwa zile za katikati. Usipoiona, utakuwa umejua mapema.

Hatua ya saba: kusoma spektra

Toa spektra ya mkebe mtupu, gawa kwa uzito, kisha toa ile ya kichocheo ambacho hakijafanya kazi. Chunguza kwanza kabla ya kutoa: ikiwa ukuta wa barafu upo kwenye 550 cm⁻¹, utoaji hautakuokoa.

Anzia chini. Kati ya 150 na 300 hivi tafuta methili inayojizungusha. Kwenye vichocheo vya paladi, makundi ya methili yaliyoshikamana na metali yamewahi kutambuliwa kwa nyutroni kama mojawapo ya vitu vinavyozima kazi yake, na kwa infraredi ni vigumu mno kuyaona. Kwenye paladi hiyohiyo, kilele kikubwa karibu na 460 ni haidrojeni iliyoingia ndani ya metali. Maana yake hukuisafisha vya kutosha kabla ya kupoza.

Kuanzia 750 hadi 950 ni C–H za pete za aromatiki zikipinda nje ya bapa la pete, na jirani zake kwenye 1150 hadi 1200 hupinda ndani ya bapa. Vyote viwili vikiwa na nguvu, una pete zilizounganika. Kilele cha 1450 na kile cha 1380 ni vya CH₂ na CH₃. Kwenye MERLIN au MAPS, kinachozidi 3000 ni cha pete au cha kaboni zenye kifungo mara mbili. Kilicho chini yake ni cha minyororo. Mkanda wa 3500 hadi 3700 ni haidroksili, na kwenye zeolaiti (madini yenye vinyweleo vidogo mno na tindikali ndani yake) hubeba habari muhimu: ukipungua huku masizi yakiongezeka, tindikali za ndani ya vinyweleo ndizo zinazofunikwa.

Usijaribu kutaja molekuli moja. Masizi ni mchanganyiko. Hesabu mitetemo ya mifano michache ya molekuli kwa programu kama CASTEP, ipitishe kwenye AbINS, sehemu ya programu ya data za nyutroni iitwayo Mantid, upate spektra ya kubuni, kisha uangalie ni familia gani inayokaribia.

Hatua ya nane: hesabu haidrojeni, kisha iweke mbele ya kaboni

Pima kitu chenye haidrojeni unayoijua, polima fulani kwa mfano, kwenye kifaa na mpangilio uleule. Eneo chini ya kilele cha C–H linakupa milimoli kwa gramu. Kaboni ipate kwa kuchoma sampuli iliyobaki na kupima dioksidi ya kaboni. Usipime haidrojeni kwa maji yanayotoka wakati wa kuchoma: haidroksili za alumina nazo hutoa maji na huwezi kuzitenganisha.

Uwiano wa viwili hivyo ndio matokeo yenye uzito kuliko spektra yote. Haidrojeni moja kwa kaboni mbili ni pete zilizounganika, masizi yanayoweza kuwa yanafunika metali. Haidrojeni moja kwa kaboni mia, spektra ikiwa karibu tupu wakati kichocheo kimeongezeka uzito sana, ni kaboni iliyojipanga kama grafiti au nyuzi. Hivyo ndivyo ilivyoonekana kwenye nikeli juu ya alumina baada ya kugeuza methani kwa dioksidi ya kaboni: kaboni nyingi, haidrojeni kidogo mno. Nyuzi hizo zinaweza kuziba kitanda na kupasua punje huku metali kwenye ncha zake ikiendelea kufanya kazi, kwa hiyo dawa yake si ile ya masizi ya pete. Watu wengi wakiona spektra tupu hudhani kipimo kimeshindwa na kuomba saa zaidi. Kabla ya kuomba, soma namba ya kaboni.

Mwale ukiisha, sampuli hupimwa mionzi kabla ya kuruhusiwa kutoka. Iombe irudi ikiwa imefungwa vilevile, na uchome sehemu ya unga huohuo uliokaa mbele ya nyutroni badala ya ule ulioubakiza maabara.